Mafuta Uliyonitumia

Hallonbergen, Uswidi,
Jumapili jioni.

Kwako dada mpendwa Stellah,

Kabla hujasoma mstari wa pili, kula. Mfungo umekwisha. Songa ugali, mwite shemeji, mshibe, kisha uendelee kusoma. Natumaini mko wazima wote hapo Kitale, na kwamba goti lako limeisikia ile dawa. Sisi huku tu salama, baridi imeanza kulegea, nami nimelala usingizi wa kweli kwa mara ya kwanza tangu Krismasi.

Unajua nilivyokuwa nikikulilia kwenye simu. Lorraine wangu, mtoto niliyembeba kwa leso uliyonipa, ameacha kwaya. Jumapili sisi tunaenda kanisani, yeye anatoka na begi lake. Nikimsemesha kwa Kiswahili ananijibu Kiswidi, tena nusu neno. Kumbe anaenda kupiga ngoma za Kijapani, zile kubwa ziitwazo taiko! Siku aliponionyesha picha, wamevua viatu na kuziinamia ngoma, damu iliniganda. Nikasema basi, mtoto ameenda kuabudu miungu. Mchungaji Onesphore akasema tuombe, nawe ukaanza kufunga kila Ijumaa, ukampa Léontine, alipokuwa akija huku, ile chupa ya mafuta ya maombi aniletee.

Jana kulikuwa na maonyesho ya sanaa za Kijapani katika ukumbi mmoja mjini, bila kiingilio. Nilienda bila kumwambia Lorraine. Mlangoni mama mmoja alikuwa akionyesha kupanga maua: vijiti vitatu tu, na watu wanapiga makofi. Nikajiuliza maua mengine kayaficha wapi. Kisha tukaketishwa kutazama chai ikiandaliwa. Jamani, chai ya kijani, ina povu, chungu kama mwarobaini! Nikaomba maziwa na sukari. Binti aliyekuwa akihudumu akanieleza kwa adabu zote kwamba utamu ulikuwa kwenye kile kikeki nilichokula mwanzo. Basi nikafumba macho nikameza.

Ndipo wapiga ngoma wakaingia, Lorraine katikati, miguu mitupu. Wakainama. Nikaukaza mkoba wangu. Lakini mwalimu wao, mzee mfupi wa Kijapani, akatueleza kwamba kule kuinama ni salamu, kwa sisi tuliokuja, kwa wenzao na kwa waliozitengeneza ngoma. Salamu tu, Stellah! Miezi yote hii nimekonda kwa ajili ya salamu.

Zilipolia, nilizisikia tumboni. Katikati ya kupiga wanapaziana sauti, kutiana moyo, na Waswidi wametulia tuli kama wako mazishini. Lorraine alipobaki anapiga peke yake akapaza sauti yake, sijui nini kilinipata. Nilijikuta nimesimama, napiga vigelegele kama kwenye harusi ya Akeyo. Ukumbi mzima ukageuka. Nilitamani ardhi inimeze. Nikajua sasa nimemwaibisha na nimempoteza kabisa.

Stellah, mtoto hakuacha kupiga. Aliinua kidevu akanijibu kwa vigelegele, virefu kuliko vyangu, na sikuwahi kumfundisha.

Baadaye alinikumbatia, jasho tele, akaniuliza kwa Kiswahili kwa nini nimechelewa hivyo kuja. Alikuwa akisubiri nimuulize habari za ngoma zake. Alidhani namwonea haya. Akasema tangu chekechea anaambiwa ashushe sauti, hata kwenye kwaya yetu, na kule kwenye ngoma tu ndiko wanakomwambia aongeze. Akasema bado anaomba, na ibada ya jioni atakuja nami. Nililia bila aibu.

Sasa nikwambie lile nisilomwambia yeye. Mimi sikwenda kutazama. Nilikwenda na chupa yako mkobani, nizimwagie ngoma zile mafuta na kumtoa mtoto kwa mkono. Akitafuta kitambaa mkobani mwangu akaiona, akauliza ni ya nini. Nikatazama viganja vyake, vimejaa malengelenge, nikasema ni mafuta ambayo mama mkubwa Stellah amemtumia ya kupaka mikono. Akabubujikwa na machozi. Nikampaka pale pale. Kwenye treni alilala begani mwangu, viganja wazi mapajani, vinang'aa.

Kwa hiyo atakupigia kukushukuru. Nakuomba, usiniumbue.

Nisalimie shemeji na watoto, na wote waliofunga nawe. Waambie nao wale. Na mafuta hayo yakiwepo zaidi, tuma. Ana onyesho jingine mwezi ujao.

Mdogo wako akupendaye,
Magdalene