Panya Watano Waliofutwa

Shoga, nimemwumbua Profesa mbele ya waandishi wa habari. Sijutii hata chembe.

Unakumbuka lile gazeti, "Dawa ya kisukari yapatikana"? Mama alilisoma, akaacha sindano zake, akawa anakunywa yale majani ya Profesa. Jumanne tukamkuta sakafuni hajitambui. Mpaka leo yuko wodini.

Na hiyo "dawa" tuliijaribu kwa panya kumi na wawili tu. PANYA! Mimi ndiye niliyekuwa nawalisha. Watano wakafa, Profesa akaniambia, "Hao wafute, walikuwa wagonjwa." Sasa si ndiyo maana tuliwapa dawa?

Leo kawaita waandishi maabara, suti mpya, meno yote nje. Nikanyoosha mkono. "Profesa, wale panya watano waliokufa mbona hawamo kwenye ripoti?"

Shoga, Profesa akawageukia waandishi!

Eti, "Msimsikilize, huyu ni mfagiaji tu." Mimi! Miaka sita maabara! Nikafungua daftari, kila kifo kina tarehe na sahihi ya Profesa mwenyewe. Yule mwandishi wa ile habari akainamia simu yake. Nikamwambia, "Piga picha. Mama yangu alikuamini."

Akapiga. Wote wakapiga.

Kazi najua sina tena. Sasa hivi Profesa kaniandikia, "Tafadhali, tuzungumze kama watu wazima."

Nimemjibu aje wodini, kitanda cha nne. Mama amezinduka, azungumze naye.