Nilivyomtafuta Mama kwa Jina Lake

Jumanne

Bado nimeikasirikia kompyuta, ingawa haikukosea.

Leo ofisini nilimtafuta marehemu mama kwenye mahojiano ya wanawake wanaoanika dagaa Katonga, yale tuliyoyachapa na kuyaingiza kwenye kompyuta. Arobaini yake haijafika, na nilitaka walau neno moja la kuwasomea wadogo zangu. Niliandika "Zainabu" na "Katonga", nikaiagiza initafutie mahali ambapo majina hayo yamekaribiana, yasiachane kwa zaidi ya maneno kumi. Hakuna kitu. Nikaongeza yawe hamsini. Akaja Zainabu mwingine, muuza chai wa Kibirizi.

Nikalia palepale. Miaka yote ile ya jua na mchanga, halafu hata...

Joramu, tunayekaa naye meza moja, akasogeza kiti. "Pole, dada Mwajuma. Lakini pale Katonga nani alikuwa anamwita Zainabu?"

Hakuna. Hata baba hakumwita hivyo.

Nikaandika "Mama" na "Mwajuma", yafuatane bila neno katikati. Akajaa kioo kizima. Mama Mwajuma alinibebea mtoto nilipoumwa. Mama Mwajuma alikimbia na turubai mvua ilipokuja, akafunika dagaa wangu kabla ya wake.

Mahojiano ya mwisho ni yake mwenyewe. Joramu ndiye aliyeyachapa, mimi sikuwahi kuyaona. Anaulizwa jina lake.

Anajibu, "Andika Mama Mwajuma, inatosha."