Ndagala ndani ya supu ya boga

Sandrine, nimetoka sasa hivi kwa Gracieuse, huku Gahanna. Bado niko ndani ya gari, siwezi kuendesha na hasira hii.

Unajua tangu alipojifungua kwa upasuaji hali kitu, kila sahani anairudisha. Bon, nikampikia supu ya boga na matufaha, nikatia kitunguu na tangawizi, nikaisaga ikawa laini.

Mama mkwe wake, yule aliyekuja kutoka Buffalo, akafunua sufuria. "Matunda ndani ya supu? Mama Rwema, huyu ni mzazi, siyo ndege."

Ndege, Sandrine. Mwanamke ambaye hata wali anauunguza ndiye ananiambia ndege.

Nikaenda kumbeba mtoto kidogo tu. Kurudi jikoni, amemimina mawese, na wale samaki wadogo, ndagala, wanaelea. Ndagala. Ndani ya matufaha. Na macho yao yananitazama.

Nikamwambia, "Mama, hii hata mbwa wa jirani ataikataa."

Akajibu, "Sasa ndiyo imekuwa chakula, mwanangu." Mwanangu!

Akampelekea Gracieuse kitandani. Mimi nikasimama mlangoni nikingoja bakuli lirudi. Gracieuse akaonja, akala yote. Kisha akauliza, "Iko nyingine?"

 Mama mkwe alinitazama tu, akaenda kupakua.

Donc kesho napika tena boga, sufuria kubwa. Ndagala atatia mama mkwe mwenyewe. Mkono wangu haugusi upuuzi ule.