Hina Mikononi mwa Zeina

Mtaa wa Shela,
Malindi.
9 Machi 1985

Mpendwa mwanangu Abdurahman,

Asalaam aleikum. Shikamoo zako za barua iliyopita zimefika, marahaba sana. Vipi mgongo wako na hilo joto la Maskati? Mimi nipo, ila magoti yananigombeza kila nikipanda ngazi. Mamako mzima wa mwili.

Telegramu tuliyokupelekea ilisema nduguyo Nasor amepotea. Sasa yamejulikana. Helikopta yao ya jeshi ilikuwa ikirudi kutoka doria ya kaskazini, vumbi likawafunika, wakavuka mpaka bila kujua. Na wale wa ng'ambo hawatutaki hata kwa salamu. Wakaiangusha. Maofisa walikuja nyumbani wamevua kofia, wakasema wote wamekufa na wamezikwa huko huko. Kinachoniuma ni kwamba hatukupata kumwosha wala kumvisha sanda.

Mamako aliwasikiliza, akawapa kahawa, kisha akawaambia wamekosea nyumba. Tangu siku hiyo matanga hataki kuyasikia. Hitima tumeisomea msikitini, si kwake.

Aliyeumia zaidi ni Zeina, mkewe Nasor. Mtoto wa watu alitaka kukaa eda kama wajane wenzake, avae nyeupe, amlilie mumewe. Mamako akasema akivaa eda atakuwa amemwua Nasor kwa mkono wake. Basi kila Alhamisi akawa anatwanga hina na kumpaka mwenyewe, mumewe akirudi amkute amependeza. Zeina hakuwa na ubavu wa kukataa. Alikaa amepambwa kama bibi harusi, machozi yanamtiririka, na kuyafuta hawezi kwa kuwa mikono imejaa hina mbichi.

Wazee wake wa Mambrui wakachachamaa, kwamba tunamfunga binti yao kwa mtu aliyekwisha kuzikwa. Haki yao. Nami nilisema na mamako mpaka tukanuniana. Ulimi wangu waujua.

Juzi Alhamisi nilimkuta amemkalisha Zeina uani kama kawaida, lakini kinu hakikutolewa. Ameshika ndimu, anamsugua viganja aitoe hina ya juma lililopita. Haitoki ile, wewe wajua. Akamaliza ndimu moja, akakata ya pili, anasugua tu, mpaka Zeina akanitazama mimi. Nilipomshika mamako mkono akaniuliza, "Wifi, mtoto ataingiaje eda na mikono hii?" Nikamwambia itafifia yenyewe. Ndipo alipolia.

Zeina sasa amevaa nyeupe, yumo chumbani mwa Nasor. Mamako hakuniomba kitu ila nikuandikie uje. Njoo, mwanangu. Amebaki nawe tu.

Msalimie mkeo Rahma na watoto. Jirani yetu Mwikali, ambaye hakutoka jikoni kwetu siku zote hizi, anakupa pole.

Mola akufikishe salama, na hiyo ndege yenu isipotee njia.

Ni mimi nikupendaye daima,
Shangazi yako Khola