Siku za Kisu

3 Machi

Mdogo wangu,

"Moyo ukishatulia, kumeza dawa ni kumwamsha aliyelala." Maneno yako hayo, kwa mwandiko wako. Salamu baadaye, kwanza nikujibu.

Nani kakwambia moyo huo umelala? Siku ile kliniki daktari alinishikisha mshipa wa mkono wako. Pigo, pigo, kimya, halafu matatu ya haraka, kama mtu anayeteremka ngazi gizani. Wewe ukasema, "Mbona sisikii kitu?" Mwizi naye humsikii, ndiyo maana anaitwa mwizi! Kidonge cheupe kinapunguza mbio za moyo. Cha waridi, asubuhi na jioni, kinazuia damu isigande, maana moyo usiopiga sawasawa huacha damu ikituama ndani. Ikituama huganda, na bonge likipanda kichwani ni kiharusi. Sasa hapo unapinga nini? Miaka ishirini nabishana na wakubwa gazetini. Sishindwi na fundi viatu.

Haya, hujambo? Kikohozi cha wifi kimekwisha? Mimi mzima, ila goti.

Dada yako


15 Machi

Dada, shikamoo.

Najua u mzima, maana barua yako inapiga kelele hata ikiwa ndani ya bahasha. Wifi yako amepona. Anasema wewe hata chafya yako ni hoja.

Nikueleze ukweli. Hapa karakana, Jumatatu na Jumanne ndizo siku za kukata ngozi. Kisu tunakivuta kuja kifuani, na gumba la kushoto ndilo linalokiongoza. Kujikata ni sehemu ya kazi. Zamani nilifunga kitambaa, dakika mbili, naendelea. Sasa kwa kidonge hiki cha waridi damu haikatiki. Wiki iliyopita ilidondokea viatu vyeupe vya bibi harusi. Ngozi nyeupe hunywa damu, haifutiki. Mama yake alivigeuzageuza, akaniuliza, "Ndivyo unavyomtakia mwanangu?"

Wenzangu sasa wananiita Bomba. "Bomba linavuja, leteni ndoo!" Aliyeanza ni Kisigino, jirani yangu wa benchi, na alicheka mpaka akakaa chini. Naye juzi alinishikisha mshipa wa mkono wake kwa siri: unarukaruka kama wangu.

Miaka thelathini sijawahi kuharibu kiatu cha mtu. Nifanye nini, dada?

Mdogo wako


22 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini mu wazima wote. Mimi nilikutaka hoja, wewe umeniletea kisa. Doa la kiatu na kaburi, lipi linafutika? Kiatu hushonwa kingine; nionyeshe fundi anayeshona ubongo. Wanaokuita Bomba ni wajinga, na mwenye akili haombi ruhusa kwa wajinga ili aishi.

Nijibu neno moja tu: unameza au humezi?

Dada yako


2 Aprili

Dada, shikamoo. Sisi wazima.

Nameza. Umeshinda.

Mdogo wako


19 Juni

Mdogo wangu,

Hamjambo huko? Hii ni barua ya tatu sijajibiwa, na simu ya wifi inaita tu. Umeninunia? Ukubwa jalala, nitupie lolote.

Nimeandika makala juu yako bila kukutaja: fundi mkaidi aliyekubali ukweli ulipomfikia. Wasomaji wamekusifu sana. Nimekukatia nakala, imo humu. Mjibu basi dada yako, hata kwa matusi.

Dada yako


30 Julai

dada shikamoo

naandika kwa kushoto. wa kulia umekufa. mdomo hautoi neno. nilimkataza wifi yako kwa ishara asikwambie mpaka niandike mwenyewe

sikukudanganya sana. jumatatu na jumanne sikumeza. siku za kisu tu. jumatano narudia. nilidhani siku tano zinatosha

nilianguka jumatano asubuhi. kidonge kilikuwa mkononi

kisu changu nimempa kisigino. mshipa wake unaruka bado. haendi kliniki, anaogopa kuitwa bomba. mwambie wewe. mimi siwezi kusema

mdogo wako


8 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Sikuulizi hali, nitaiona mwenyewe, nakuja Ijumaa. Barua hii itatangulia kwa sababu kuna kazi haiwezi kuningoja.

Nimeisoma tena barua yako ya Machi. Mwishoni umeandika, "Nifanye nini, dada?" Nilikujibu yote isipokuwa hilo. Wewe uliuliza njia, mimi nikakupa ushindi wangu. Jana nimemwuliza daktari swali lako. Dakika nne tu, mdogo wangu. Kukata umwachie mwenzako, wewe ushone. Ukijikata, bana jeraha dakika kumi na tano bila kuchungulia. Valisha gumba kifuniko cha ngozi ngumu. Na usiruke kidonge hata kimoja kabla hujarudi kwake kuuliza. Kifuniko cha ngozi! Karakana nzima ya mafundi wa ngozi, na dada mwenye maneno kama mchanga, hakuna aliyelifikiria gumba lako.

Makala ile nimewaandikia wasomaji kuwa ilikuwa uongo, na mwongo ni mimi.

Wifi, kuanzia hapa nenda ukasome karakana, kwa sauti, mashine zikiwa zimezimwa.

Mafundi, mimi ndiye dada. Siandiki kuwahukumu, niliyewaita wajinga ndiye mjinga wa kwanza. Lakini benchi la mdogo wangu liko wazi, na mnajua kwa nini. Kisigino, weka kisu chini sasa hivi. Vidole viwili, hapo chini ya gumba, hesabu mapigo. Ukikuta pigo linaruka, usimwambie mtu kwa siri tena, sema hapohapo mbele ya wote. Nyinyi wengine, kateni kile kipande kigumu cha soli mnachokitupa, mshoneeni kifuniko cha gumba leo, kabla ya kiatu cha mteja yeyote. Kesho asubuhi mpelekeni kliniki, mmoja kila upande, na mumwulize daktari lile swali ambalo mimi sikuliuliza. Na atakapoanza kumeza, akadondosha damu kwenye ngozi nyeupe, asicheke mtu. Fungeni jeraha lake, mkate ngozi nyingine.

Dada yake Bomba