Kuku Uliyekataa Kumchinja

Dada Savitri, dada yangu wa Bombei,

Sisi wazima. Mbwa mzima, paka mzima, kobe sijui, maana kobe hata akiumwa utajuaje? Nakuandikia mbio mbio kwenye meza yako, ng'ombe wa balozi wetu wa nyumba kumi wanapita dirishani na vumbi lote la Samuye linaingia humu.

Leo nimekukumbuka nikacheka peke yangu mbele ya wanafunzi wangu, watu wazima wenye wajukuu! Unakumbuka ulivyofika? Ulishuka kwenye lori la pamba, mwalimu wa hesabu kutoka India, wakakupa chumba nyumba ya walimu. Chumba cha pili mimi, mwalimu wa kisomo niliyeishia la saba, nikajisomea kila kipande cha gazeti kilichofungia sukari. Kesho yake jirani yetu Mama Maduhu, yule mjane, akakuletea tetea mweupe, kama tunavyompokea mgeni huku. Akapiga goti. "Karibu, mayu," yaani mama. "Tumekupokea." Nikakwambia huyo ni wa kuchinja. Ukamkumbatia kuku!

"Mimi sili nyama, Nyanzobe. Tangu nizaliwe."

Nikadhani unatania. Usukumani hapa, mtu asiyekula nyama? Ukampa jina, Rani. Ukamtandikia gunia jikoni. Ukamlisha mchele, Dada, mchele! Sisi wenyewe tunatafuna michembe, viazi vikavu vya mwaka jana!

Nilikuwa nakuona umefurahi. Asubuhi unasahihisha madaftari, Rani kalala miguuni, unamsomea majibu ya watoto, "Huyu amekosa tena, Rani, tufanyeje?" Nilipenda sana zile asubuhi.

Halafu Mama Maduhu akaja kukusalimia, akamkuta kuku wake anatembea, kanenepa kama mke wa karani.

"Huyu si wangu?"

"Ndiyo, mama! Anaitwa Rani!" ukajibu, meno yote nje.

Kigoda akakikataa. Akaondoka.

Ukaniuliza umemkosea nini. Nikakueleza: huku mgeni asipokula ulichompa, watu hawamshangai mgeni, wanamwangalia aliyetoa. Na kisimani maneno yalishaanza. "Yule Mhindi kuna kitu amekiona kwenye kuku wa yule mama." Mjane, anaishi peke yake, macho mekundu kwa moshi wa kuni. Nikakwambia maneno kama hayo, ya uchawi, huku yanaweza kumfukuza mtu kwenye nyumba yake, au zaidi ya hapo. Ukaiacha chai yako ikapoa.

Nilikwenda kisimani kukutetea, si unanijua mdomo wangu?

"Hali nyama kabisa!"

"Hata ya ng'ombe?"

"Hata ya ng'ombe."

"Supu je?"

"Hata supu!"

"Basi huyo mgonjwa, apelekwe hospitali."

Hakuna aliyeniamini. Ndipo wewe, siku ya mnada, watu wote wanapita njia ya kwa Mama Maduhu, ukanishika mkono twende. Ukasimama uani kwake ukapaza sauti, "Hodi, mama! Nina njaa!"

Watu wakasimama. Balozi naye akasimama na baiskeli yake. Mama Maduhu akakuangalia, akakuangalia.

"Nina ugali wa mtama na nsansa tu, majani ya kunde."

"Hicho ndicho chakula changu."

Mkala sahani moja, nje, kila mtu anaona. Unamega kwa mkono kama umezaliwa Kishapu! Ukasema, "Ongeza, mama." Balozi akashangaa, "Kumbe anakula!" Mama Maduhu hata hakugeuka: "Anakula kukushinda wewe, na wewe huniletei hata kuni." Watu wakaangua kicheko, na mimi nikalia kidogo, hukuniona.

Rani alipototoa mkagawana vifaranga, nusu kwako nusu kwake. Basi watu wakapata njia ya kukuzawadia! Mbwa mchanga, paka, kobe wa shambani, mbuzi aliyevunjika mguu. "Mpelekeeni Mwalimu, yule hachinji." Uani kwako kukawa safina ya Nuhu, na wewe katikati unapiga chafya.

Sasa umerudi kumuuguza mama yako, na mimi ndiye mwenye safina. Mbuzi amekula daftari langu la mahudhurio. Sijambo lakini. Kweli kabisa, nina raha.

Wiki hii amekuja mwalimu mpya, kijana kutoka Moshi. Balozi akaita wazazi: mgeni ale wapi kwanza? Wanawake wa kisimani, walewale, wakasema kwa pamoja, "Kwa Mama Maduhu." Yeye akalalamika, "Kwani mimi hoteli?" Nilipopita kwake jioni, uani kumefagiwa na chungu kikubwa kiko motoni.

Msalimie mama, mwambie apone upesi. Nakupenda, Dada.

Ni mimi mdogo wako wa chumba cha pili,
Nyanzobe