Sahihi Niliyoipitishia Spiriti

Shoga, nimechoka hadi mikono inagoma kuandika.

Unamkumbuka yule mwalimu mstaafu mwenye kompyuta ya zamani anayoitunza kama kumbukumbu? Ile ya toleo maalumu, bei ya gari, eti kompyuta bapa zote za leo zimeiga umbo lake. Aliniletea niisafishe, Jumamosi anaiuza.

Nikaisafisha. Nyuma kulikuwa na michoro ya ovyo ya maka peni. Si unajua sisi mafundi tunavyotia alama mashine tulizozifungua? Nikajua ni ya fundi mwenzangu. Nikapitisha spiriti.

Kumbe ni sahihi ya mbunifu wake, ndiyo inayoipa ile bei.

Leo mzee kaja kuichukua, akaigeuza. "Sahihi iko wapi?" Nikajidai natafuta chaja. "Binti yangu, iko wapi?" Nikamwambia nimeifuta. Nimeifuta, shoga, kwa mkono wangu huu.

Akakaa kwenye stuli. Mimi naliona duka langu linaondoka hivi hivi.

Halafu akaniomba maka peni. Akajaribu mara mbili kwenye boksi tupu, kisha akaisaini kompyuta. Inafanana kabisa, hadi ule mkia wa mwisho.

Nikamkodolea macho. Akasema, kachoka kuliko mimi, "Usinitazame hivyo. Hata hiyo uliyoifuta niliiandika mimi."